Unguja, Simu au Mwanza: Nilivyochagua Pa Kusomea Ualimu wa Yoga

Bweranyange, Jumamosi ya Novemba. Mvua tangu alfajiri.

Ilipumzika kidogo asubuhi, ikarudi tena mchana. Ukungu umefunika bonde lote na migomba ya nyuma ya nyumba haionekani kabisa. Ni siku ya kukaa jikoni karibu na moto bila kusemeshana na mtu. Lakini mimi nina furaha na nimeshindwa kuificha. Mume wangu Projestus amepita mlangoni sasa hivi akauliza kama nina mgeni humu ndani, maana ananisikia nikicheka peke yangu.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuamua. Nimeamua.

Kwa anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: naitwa Jovina, nafundisha hisabati shule ya msingi, na kila Jumamosi asubuhi nawaongoza wanawake wa hapa kwetu kufanya yoga katika ukumbi wa kanisa. Najua inavyosikika. Hata mimi zamani nilidhani yoga ni ya watu wa kwenye matangazo ya maji ya chupa.

Ilianza na mgongo wangu. Miaka ya kuinamia madaftari ya watoto ilinifikisha mahali pa kuvaa viatu nikiwa nimelala. Mtaalamu wa viungo hospitalini akanionyesha mazoezi machache ya kujinyoosha, akaniambia haya yanatoka kwenye yoga, ukitaka zaidi tafuta kwenye simu. Nikatafuta. Mgongo ukapona, na mimi nikanogewa. Wakaja walimu wenzangu, wakaja wanakwaya, halafu wakaja wale ambao sikuwategemea kabisa, wamama wa shambani, waliobeba mikungu ya ndizi na ndoo za maji maisha yao yote na ambao hakuna aliyewahi kuwauliza mabega yao yanajisikiaje.

Majina ya mikao wamebadilisha wenyewe. Ule wa kuinama mpaka chini wanauita kupalilia bila jembe. Ule wa kusimama kwa mguu mmoja ni mgomba kwenye upepo. Ule wa mwisho, ambao kwenye simu wanauita maiti, niliufuta jina siku ile ile. Hapa kwetu hakuna mtu atakayelala chali sakafuni mwa ukumbi wa kanisa akiambiwa wewe sasa ni maiti. Tunauita mapumziko.

Wazee wa kanisa walipoanza kunong'ona, mchungaji wetu alisema atakuja aone kwa macho yake kabla ya kusema lolote. Akaja na suruali yake ya kuendea shambani, akafuata kila kitu bila kuuliza. Tulipofika kwenye mapumziko akalala usingizi wa kweli, akakoroma, na wanawake wakabaki kimya kwa heshima mpaka alipoamka mwenyewe. Tangu siku hiyo sijasikia tena mnong'ono.

Isipokuwa nyumbani kwangu.

Mama yangu mzazi anaishi nasi tangu baba afariki. Hajawahi kunikataza. Ila Jumamosi, mimi nikitoka na mkeka wangu chini ya kwapa, yeye hugeukia moto na kuanza kuchochea hata kama unawaka vizuri. Siku moja aliniambia kwamba mtoto aliyebatizwa hajifunzi kupumua kwa Wahindi. Nilichukua mkeka wangu nikatoka. Mama yangu ni mtu wa kusubiriwa, huwezi kumsukuma.

Sasa, kwa nini kozi. Mwezi wa nane, baada ya kuvuna kahawa, Ma Koku alininyooshea mkono katikati ya darasa kama mwanafunzi. Ma Koku ni mama wa makamo, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, na ndiye mchekeshaji wa kundi. Siku hiyo hakuchekesha. Alisema, "Mwalimu, daktari ameniambia nina presha. Hiki cha kupalilia bila jembe nikifanye au nisikifanye?"

Kundi zima likanigeukia.

Sikujua. Nilimwambia akae, apumzike, nitauliza. Nikaendelea na darasa. Watu hawa wananiita mwalimu. Wananipa viungo vyao niviambie vielekee wapi, na mimi nilichonacho ni mgongo wangu mmoja uliopona na video za simu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Projestus kwamba ama naacha, ama nasoma. Alikuwa anachambua miche ya kahawa, hakuinua hata kichwa. Alisema, "Kuacha hutaacha. Kwa hiyo tafuta shule."

Nikatafuta. Mwisho zikabaki tatu.

Na niseme ukweli hapa: moyoni nilishachagua Unguja kabla sijalinganisha chochote.

Kozi ya Unguja ni mwezi mzima wa Desemba, hotelini, ufukweni. Picha zake ningeweza kuziangalia mpaka bando liishe. Wasichana wembamba wamesimama kwa mikono, nyuma yao maji ya rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu chochote cha kweli. Cheti chake kinatambulika dunia nzima, kina muhuri wa dhahabu. Mimi nimezaliwa milimani, ziwa nalijua, bahari sijawahi kuiona. Nilijiona nikirudi shuleni Januari na kile cheti, na wale walimu wa kiume wanaoniuliza kila Jumatatu kama leo nimeshakunja miguu, wakikosa la kusema.

Ubaya wake ni kwamba ningekosa Krismasi. Kwa anayetoka Kagera sihitaji kueleza. Wote wanarudi, kutoka Dar, kutoka Arusha, kutoka huko wanakokujua wao, na wewe mwenye nyumba ndiwe usiyekuwepo. Mama alipoambiwa alisema tu, "Sawa." Ile sawa ilikuwa nzito kuliko gunia.

Kozi ya pili ilikuwa ya simu. Walimu wako nje ya nchi, unasomea nyumbani, hukosi Krismasi ya mtu. Wakanipa darasa moja la majaribio bure. Nikatandika mkeka sebuleni, nikaegemeza simu kwenye kiti, mwalimu akasema kwa Kiingereza chake laini tuiname, tushike vifundo vya miguu, tusubiri. Nikainama. Nikasubiri. Damu yote ikashuka kichwani, nikasema pengine hawa ndio wanavyofundisha, ni watu wa subira. Projestus akaingia, nikamwona kichwa chini miguu juu, akauliza kama nimepoteza kitu. Kumbe mtandao ulishakatika na yule mwalimu amekwama kwenye skrini, mdomo wazi.

Hiyo ikatoka.

Ya tatu sikuitilia maanani mwanzoni. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kukaa Mwanza alinipa namba ya mama mmoja, Bi Rehema. Alifanya kazi miaka mingi hospitalini, akiwainua waliopooza na kuwanyoosha waliovunjika, halafu akasomea yoga ukubwani. Sasa anafundisha walimu wachache wachache kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Hana picha za kuonyesha. Nilipoomba picha alinitumia moja ya chumba kitupu chenye viti vya plastiki. Nikaifunga simu, nikarudi kuangalia bahari.

Lakini swali la Ma Koku lilikuwa halijajibiwa. Wiki hii nikaona nilitume kwao wote watatu, kwa maneno yale yale. Mama wa shambani, ana presha, anataka kuinama. Nimfundisheje?

Wale wa simu walijibu papo hapo kwamba wanashukuru kwa kupendezwa na kozi yao. Ilikuwa mashine.

Wa Unguja alijibu mratibu wao, binti anayeitwa Salma, mkarimu sana, meseji zake zina maua mwanzo na mwisho. Alisema hilo litafundishwa kwenye somo la mwili wa binadamu, wiki ya tatu. Nikamwomba niongee na mwalimu mwenyewe. Akasema mwalimu anatoka nje, atafika siku moja kabla ya kozi kuanza. Hakunidanganya, nampenda kwa hilo. Akanikumbusha tu kwamba mwisho wa kuthibitisha nafasi ni leo Jumamosi jioni.

Bi Rehema hakulijibu. Alituma meseji fupi: "Swali hili si la kuandika. Nipigie."

Basi leo ikaanza. Asubuhi ukumbini wanawake walikuwa na furaha kuliko mimi. Wanajua kuhusu Unguja, na wakishajua wao basi kata nzima inajua. Mmoja alitaka nimwangalizie bei ya khanga. Ma Koku, ambaye tangu mwezi wa nane nimemweka kwenye kiti kwa woga wangu, aliniambia nimletee maji ya bahari kwenye chupa, aonje mwenyewe kama kweli yana chumvi. Wakaniimbia wimbo wa kumuaga msafiri. Niliimba nao kwa shingo upande, kwa sababu nilijua bado sijampigia yule mama wa Mwanza, na nilijua pia kwa nini. Nilikuwa naogopa atanijibu vizuri.

Nilipiga baada ya chakula cha mchana. Simu yangu sehemu ya kusikilizia imekufa, kila ninayeongea naye anasikika kwa spika, na mtandao mzuri unapatikana mlangoni mwa jiko tu. Jikoni alikuwepo Mama, anamenya ndizi za jioni. Kwa hiyo tulipiga wawili, ingawa mimi peke yangu ndiye niliyepanga kupiga.

"Shikamoo mama. Ni Jovina, yule mwalimu wa Karagwe."

"Marahaba. Niambie habari ya huyo mgonjwa wako."

Hakuuliza habari ya ada wala lini nitakuja. Nikamweleza. Akaanza kuniuliza yeye. Anatumia dawa? Nikasema ndiyo. Kila siku, au siku akijisikia vibaya tu? Sikujua. Akisimama haraka anaona giza? Sikujua. Alipimwa lini mara ya mwisho? Sikujua hilo pia, na nikaanza kuona aibu. Kazi yake ni nini? Hapo nilifurahi, hilo nilikuwa nalijua. Shamba, migomba, kahawa, maji ya kisimani.

"Basi anainama kutwa nzima bila ruhusa yako," Bi Rehema akasema, na nikasikia anacheka. "Sikiliza, mwanangu. La kuangalia ni muda anaokaa kichwa kikiwa chini, na namna anavyoinuka, na kama anabana pumzi. Mpaka upate majibu ya maswali yangu, mwache kwenye kiti, kichwa kisishuke chini ya moyo, apumue bila kujikaza. Umefanya vyema kumkalisha. Dawa aendelee nazo kama daktari alivyomwagiza. Na ukimsikia mtu anasema yoga inaondoa dawa za presha, mkimbie."

Nilisimama pale mlangoni mvua ikinirukia miguuni. Miezi mitatu nimelibeba swali hili, na ndani ya dakika chache limekuwa kitu ambacho naweza kukishika. Nilitamani kumpigia Ma Koku hapo hapo.

Nyuma yangu kisu kilikuwa kimenyamaza. Mama alikuwa ameacha kumenya.

"Muulize ni wa ukoo gani," akaniambia.

Nilijifanya sijasikia. Lakini spika ni spika.

"Nani huyo?" akauliza Bi Rehema.

"Ni Mama yangu. Samahani."

"Samahani ya nini, mpe simu."

Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, akaisogelea simu, akakaa wima kama yuko mbele ya wakwe. Nimeshamwona hivyo mara moja tu, siku watu wa kwao Projestus walipokuja kuleta posa. Akamsalimu, akamuuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mvua ya huko. Bi Rehema akajibu moja moja, hakuharakisha.

"Na ukoo wenu?" Mama akauliza. "Muziro wenu ni nini? Kitu gani hamli?"

"Sisi asili yetu Pangani, dada yangu. Ukoo wetu hauna muziro. Ila nguruwe hatuli."

Mama akafikiri. "Hilo nalo ni muziro," akasema.

"Ni muziro mkubwa," Bi Rehema akakubali, wakacheka wote wawili. Mimi nikaegemea mlango nikajua kwamba mazungumzo haya si yangu tena.

Kisha Mama akauliza lile alilolibeba muda wote huu. Akauliza, mkishakaa kwenye hiyo mikeka yenu, mnamwomba nani?

Bi Rehema hakucheka safari hii. Alisema, "Mimi naswali swala zangu tano. Mwanao atasali anavyosali kwao. Kwenye mkeka tunanyoosha mwili na tunapumua. Yako maneno ya Kihindi, yana asili yake na yana watu wake, sitayaficha na sitayadharau. Nitamweleza kila neno maana yake, na asilotaka kulisema ataliacha. Nimefundisha masista, nimefundisha na mke wa imamu."

Mama akasema, "Haya." Haikuwa ile sawa ya Krismasi. Akarudi kwenye ndizi zake.

Bi Rehema akanirudia mimi, na hapo akaanza kunivunja moyo kwa makusudi. Cheti chake ni cha kwake tu na hakina muhuri wa dunia. "Hoteli za Unguja hazitakuajiri kwa cheti changu. Nakwambia mapema." Hakuna malazi, nitafute ndugu wa kufikia. Kozi inagawanywa kufuata likizo za shule, kipande kimoja Desemba kinachoisha kabla ya Krismasi, kingine mwezi wa sita, na katikati nafundisha kundi langu huku yeye ananifuatilia kwa simu. Na hapokei mtu kabla hajamwona akifundisha. Nimrekodi mtu mmoja ninayemfundisha, mtu huyo aseme mwishoni amejisikiaje, nimtumie.

"Lini?" nikauliza.

"Ukiweza leo, leo. Nakusikia una haraka."

Nikaikata simu na kugeuka. Projestus alikuwa shambani. Ma Koku yuko ng'ambo ya bonde na njia imejaa maji. Nilikuwa naanza kuhesabu majirani wa karibu Mama aliponitangulia.

"Nitakaa mimi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akasema tena, bila kuniangalia, anaosha kisu. Atakaa yeye, ila kwenye kiti, na mlango uwe wazi.

Nikaegemeza simu kwenye sufuria. Nikamwekea kiti pale penye mwanga. Nimesimama mbele ya darasa la watoto tisini bila woga, lakini leo mbele ya mama mmoja aliyevaa kitenge nilikisogeza kile kiti mara mbili. Nilianza kwa Kiswahili cha darasani, akaniangalia kama mtu anayesomewa tangazo la serikali. Nikaacha. Nikamwongelesha Kinyambo, lugha aliyonilelea. Nikamwambia aweke nyayo chini azisikie, akae juu ya mifupa yake ya kukalia, mabega yaanguke.

Hayakuanguka. Nilikuwa sijawahi kuyatazama mabega ya mama yangu. Yamekaa juu karibu na masikio, kama bado kuna mkungu unaoyasubiri.

Nikamwambia anyanyue mikono. Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukafika usawa wa kidevu ukagoma. Alitaka kuusukuma, nikamwambia hapana, hapo hapo unapokomea ndipo mwisho wetu wa leo, ushushe taratibu. Akaniangalia kwa mshangao. Nadhani alitegemea nimwambie ajikaze. Sote tumelelewa kwa kuambiwa tujikaze.

Halafu tukapumua. Nilimwambia atoe pumzi polepole, kama anapuliza moto ambao hataki uwake haraka. Hilo alilielewa kuliko maneno yote niliyojifunza kwenye video. Akafumba macho. Mvua ikawa inapiga bati, na mama yangu amekaa mlangoni, hamenyi, hachochei, hasuki. Sikumbuki kumwona amekaa hivyo.

Alipofumbua nikamwambia sasa uiambie simu umejisikiaje. Akaitazama kamera kama watu wanavyotazama kamera ya picha za pasipoti. Akasema kwa Kiswahili, ili Bi Rehema aelewe:

"Mimi ni mama wa Jovina. Bega langu halijapanda. Lakini tangu niolewe hakuna mtu aliyeniambia nikae chini nipumue. Basi, ni hayo."

Akainuka akarudi kwenye ndizi.

Nilienda chumbani nikalia kidogo. Vizuri tu, kilio cha mtu mwenye afya.

Video ilichukua muda mrefu kwenda. Niliiacha simu mlangoni mwa jiko kama mtu anayeanika kitu, nikawa napita pita. Katikati ikaingia meseji ya Salma na maua yake: je, nimefikia wapi, jioni inakaribia. Niliisoma na picha za yale maji zikanirudia zote. Nilimwambia Projestus, ambaye alikuwa amerudi na matope mpaka magotini, kwamba nasikitika kwa ajili ya bahari. Sikuona haya kusema. Alivua buti moja, akafikiri, akasema, "Bahari haihami, Jovina. Twende siku moja na watoto wakifunga shule za bweni, bila kusimama kwa mikono." Akavua buti la pili.

Jibu la Mwanza likaja.

"Nimemtazama mama yako vizuri. Ulipomwambia anyanyue mikono alibana pumzi na meno akayakaza. Hukuona, ulikuwa unaangalia kama simu inarekodi. Ulipomwambia ashushe pale bega linapokomea, hapo ulikuwa mwalimu. Njoo Desemba. Mama aendelee na ile pumzi ya moto kila jioni, akiwa amekaa."

Nikaifungua video nikaiangalia. Kweli. Meno ameyakaza. Liko wazi kabisa na mimi nilikuwa hatua moja mbele yake. Ajabu ni kwamba sikuumia. Nilisikia raha, ile raha ya kukosolewa na mtu anayeona. Ni miaka mingi hakuna aliyenikosoa kwenye jambo ninalolipenda.

Nilimwandikia Bi Rehema kwamba nitakuja. Nilimwandikia Salma kwamba aipe nafasi yangu kwa mwingine, nikamweleza na sababu, kwamba nimepata mtu wa kulijibu lile swali. Nilitegemea maua ya kawaida. Alijibu bila ua hata moja: "Nimefurahi kwa ajili yako, dada. Mama yangu naye ana presha. Ukijua zaidi, niambie." Nimemtumia maswali yote ya Bi Rehema. Tunaendelea kuandikiana mpaka sasa.

Ma Koku nilimpigia. Nilikuwa na wasiwasi wa kumwambia kwamba maji ya bahari hayapo tena. Kwanza nikamuuliza yale niliyokuwa siyajui. Dawa anakunywa siku akiumwa kichwa tu, kumbe. Tumekubaliana Jumatatu baada ya vipindi tunakwenda pamoja zahanati, apimwe, na daktari amweleze upya. Halafu nikamwambia kuhusu Mwanza. Akasema maji ya bahari ya kazi gani, hayanyweki, nimletee sato, samaki wa ziwani.

Nimejifunza nini leo? Sijui kama nimejifunza au nimeona tu. Nilikuwa natafuta mahali pa kwenda nikapigwe picha. Nimepata mtu wa kunitazama nikifanya kazi. Huenda siku moja nitajuta kuhusu ule muhuri wa dhahabu, hasa Jumatatu chumba cha walimu. Tutaona.

Tumekula ndizi na senene wa kwanza wa msimu, na Mama ameeleza habari za simu kwa Projestus kana kwamba yeye ndiye aliyesajiliwa. Ameshasema Bi Rehema aje huku Krismasi moja, yeye atampikia kuku, na kwamba watu wa Pangani ni wastaarabu. Kisha akaaga, akaenda chumbani kwake.

Nyumba yetu haina dari, sauti zinapita juu ya ukuta. Muda mfupi uliopita ameniuliza kutoka huko, "Jovina, hii pumzi niifanye kabla ya kusali au baada?"

Nimemwambia wakati wowote apendao.

Nimesikia kitanda kikilia anapokaa. Nimemsikia anavuta pumzi, anaitoa, polepole, anavuta tena. Projestus ameshusha redio bila kuambiwa. Nimebaki na kalamu mkononi, nasikiliza, wala sitaki mvua iache.

"Jovina," ameita tena. "Mdomo niufunge, au?"

Naishia hapa. Nakwenda kumwonyesha.